Nyaya za mashine ya klorini kwenye bwawa la maji ya chumvi: dalili, chanzo na marekebisho

Kabla hujafungua skrubu hata moja, zima pampu ya bwawa kwa njia ileile inayozimwa kila siku, iwe ni taima au swichi yake, kisha ukasimame mbele ya boksi la mashine ya klorini. Litazame kwa dakika nzima. Kama taa zote zimezimika na kioo hakionyeshi kitu, mashine inakula umeme pamoja na pampu na kulala pamoja nayo, na ndivyo inavyotakiwa. Kama kuna taa inayowaka, acha kwanza lile lililokuleta, maana huenda umeshapata tatizo kubwa kuliko hilo.

Kuna aina moja ambayo haihukumiwi kwa kipimo hiki. Ni zile mashine ambazo pampu huchomekwa kwenye boksi lenyewe na taima iko ndani. Kioo chake hubaki kinawaka muda wote. Hapo unachotazama ni taa ya uzalishaji: pampu ikisimama, nayo izime.

Naanza na jaribio hili kwa sababu ya kinachotokea ndani ya seli. Seli ni sahani za titani zilizopakwa madini kama rutheni, zimepangwa karibukaribu, na maji yenye chumvi hupita katikati yake. Boksi linapunguza umeme wa nyumba, linaugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti ndogo, na kuupeleka kwenye sahani. Upande mmoja wa sahani hutoka klorini. Upande wa pili hutoka hidrojeni. Pampu ikiwa inazunguka, viputo vinasombwa hadi bwawani na kupotea hewani bila kumdhuru mtu. Pampu ikisimama huku sahani zina umeme, hidrojeni inapanda na kujikusanya juu ya seli na kwenye kona za mabomba. Gesi hiyo inaanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na seli zimewahi kupasuka kwa namna hii.

Nimewahi kuitwa mahali kwa ajili ya taa ya chumvi iliyokuwa ikipepesa. Pampu ilikuwa imenyamaza. Seli ilikuwa ya plastiki angavu, na nilipoinama nikaona viputo vyembamba kama moshi vikiachia sahani na kupanda, na juu, chini ya kifuniko, nafasi tupu isiyo na maji, urefu wa vidole vitatu. Mwenye nyumba akaniambia, "Hiyo haizimiki fundi, inawaka usiku kucha." Nikamjibu, "Mama, hiyo leo tunaizima." Waya wa mashine ulikuwa umetoka moja kwa moja kwenye breka, haukupitia taima.

Ndiyo maana dalili hapa chini nimezipanga kwa hatari yake, si kwa jinsi zinavyotokea mara nyingi.

Neno moja kuhusu nani afanye nini. Kutazama, kusafisha seli, kukaza plagi ya seli na kusoma kioo ni kazi ya yeyote mwenye utulivu. Kufungua boksi lenye volti 120 au 230 ndani yake ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, tena fundi aliyewahi kufanya kazi za mabwawa. Na hata fundi asiamini breka kwa kuitazama tu. Zima, funga au weka alama ili mtu mwingine asiwashe, pima mita yako mahali penye umeme unaoujua, pima hapo unapotaka kugusa, kisha irudishe mita kwenye ule umeme unaoujua uone kama bado inasoma. Mita iliyokufa betri huonyesha sifuri popote, na sifuri hiyo imeshaua watu. Usitegemee testa ya bisibisi kwa kazi hii.

Boksi linawaka huku pampu imezimwa

Chanzo cha kawaida ni waya kufungwa upande usio wake kwenye taima. Taima ina ncha za umeme unaoingia na ncha za umeme unaokwenda kwenye mzigo. Waya za mashine zinatakiwa kukaa kwenye ncha za mzigo, pamoja na za pampu. Aliyezifunga upande wa kuingia, mara nyingi kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi, ameipa mashine umeme wa saa 24. Baada ya kuzihamisha, zima taima na upime kati ya waya mbili zinazoingia kwenye boksi: isomeke sifuri. Halafu pima kila waya peke yake dhidi ya erthi, nayo isomeke sifuri. Kipimo hiki cha pili watu hukiruka. Katika nchi kama Marekani, ambako volti 240 hupatikana kwa waya mbili za moto, taima inayokata waya mmoja tu itaizima mashine kabisa, taa zote giza, lakini waya wa pili bado una volti 120 kwenda ardhini. Fundi anayefuata ataamini giza lile na kutia mkono. Hapo inatakiwa taima au rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata waya zote mbili.

Pampu za kasi inayobadilika zimeleta mkanganyiko mpya. Pampu ya zamani ilizimwa kwa kukatiwa umeme. Hizi za sasa zina umeme muda wote, na kompyuta yake ndogo ndiyo inayoamua izunguke au isizunguke. Ukiifunga mashine ya klorini kwenye waya zinazoingia kwenye pampu ya namna hiyo, umeifunga kwenye breka, basi. Njia sahihi ni rilei inayoamriwa na pampu yenyewe au na mfumo unaoiendesha, ili mashine ipate umeme pale tu pampu inapozunguka. Kuweka taima ya pili yenye saa zinazofanana na za pampu ni bora kuliko kuacha wazi, ila saa mbili huachana polepole, na umeme ukikatika kisha ukarudi, huachana mara moja. Na usijaribu kamwe kuchukua umeme wa mashine kwenye waya zinazotoka kwenye kidhibiti cha pampu kwenda kwenye mota. Umeme ule umekatwakatwa na masafa yake hubadilika kila kasi inapobadilika, utaunguza transfoma.

Utasikia mtu akisema, "Si kuna swichi ya mtiririko? Maji yakisimama itazima seli." Ni kweli, ipo, na ni muhimu. Lakini ni kinga ya pili. Ndani yake kuna kikono kidogo au sumaku inayosukumwa na maji. Jani moja, mchanga, au ganda la chokaa likikikwamisha katika hali ya kuwasha, mashine itaamini maji yanapita hata bomba likiwa kavu. Kinga ya kwanza ni waya kukatwa umeme pampu inaposimama.

Mtu anahisi mtekenyo au ganzi akigusa maji, ngazi au ukingo

Watu watoke majini, na wasishike ngazi ya chuma wakati wa kutoka kama kuna njia nyingine. Zima swichi kuu ya nyumba. Hakuna anayerudi majini mpaka chanzo kipatikane, hata kama mtekenyo ulikuwa mdogo na umeisha wenyewe.

Hapa ndipo watu huchanganya vitu viwili. Waya wa erthi kazi yake ni kurudisha umeme uliovuja ili breka au RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) iruke. Waya wa kusawazisha kazi yake ni nyingine: unaunganisha kila chuma kinachoweza kuguswa na mwogaji, yaani nondo za zege, ngazi, mwili wa pampu, hita, na boksi la mashine ya klorini, ili vyote vikae kwenye volti sawa. Mtu hadhuriki kwa volti yenyewe bali kwa tofauti ya volti kati ya sehemu mbili za mwili wake. Mkono kwenye ngazi na mguu majini visiwe na tofauti. Boksi nyingi za klorini zina skrubu ya shaba chini au ubavuni kwa ajili ya waya huu, na mara nyingi sana naikuta skrubu hiyo tupu, inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Marekani waya wake ni shaba ya unene wa 8 AWG (kipimo cha Marekani cha unene wa waya), usio wa nyuzi. Kwingine fuata kanuni za nchi husika.

Ukizima swichi kuu na mita bado inaonyesha volti kati ya maji na ardhi, chanzo kiko nje ya nyumba, huenda ni nyutro (waya wa kurudisha umeme) mbovu ya laini ya mtaa. Hapo mwenye kazi ni shirika la umeme.

Tukiwa hapa, pima umbali wa boksi. Kanuni za kimataifa za IEC 60364-7-702 zinahesabu mita 2 kutoka ukingo wa bwawa kuwa eneo la kwanza, na mita 1.5 zaidi kuwa eneo la pili, kila moja na masharti yake. Kwa maoni yangu boksi lenye umeme wa nyumba likae nje ya yote mawili, zaidi ya mita 3.5 kutoka ukingoni. Waya mrefu kidogo ni gharama ndogo.

RCD inaruka, au breka inaruka

Tenganisha kwanza, maana haya ni magonjwa mawili. Breka hukata umeme unapozidi. RCD hukata pale umeme unaokwenda haulingani na unaorudi, kwa maana kwamba mwingine umepata njia ya pembeni, pengine kupitia mwili wa mtu. Za kulinda watu hukata kabla au kwenye tofauti ya miliampea 30. Zile za Marekani ni kali zaidi, miliampea 5 hivi. Anayeitoa RCD kwa sababu "inasumbua" ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinasema ukweli.

Ikiruka papo hapo kila mashine inapowashwa, na mashine imefungwa juzi, tazama nyutro kabla ya kingine chochote. Waya wa moto umechukuliwa baada ya RCD lakini nyutro imepelekwa kwenye baa ya sakiti nyingine. Umeme unatoka mlango mmoja na kurudi mwingine, RCD inauona kama uvujaji. Mashine haina kosa, hamisha nyutro.

Ikiruka asubuhi au baada ya mvua, na mchana jua likiwa kali inatulia, ni unyevu. Fungua boksi utazame nyaya zinaingilia wapi. Zikiingilia juu, maji hufuata waya kama ngazi mpaka kwenye bodi ya sakiti iliyo ndani. Zinatakiwa kuingilia chini, kupitia gilandi (vibanio vya kuziba tundu la waya) zilizokazwa, na waya ushuke kwanza chini ya boksi kisha upinde kupanda, ili tone liishie kwenye kona na kudondoka. Tundu lisilotumika lizibwe. Wadudu hupenda joto la transfoma na huacha uchafu unaoshika maji.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hawakifikirii: dumu la asidi lililohifadhiwa chini ya boksi. Mvuke wake hupenya hata kifuniko kilichofungwa. Ukiona unga wa kijani kwenye ncha za shaba na kutu kwenye skrubu za kifuniko, huku chumba ni kikavu, nusa. Hamisha asidi na klorini ya unga, kila moja mahali pake na mbali na nyingine, kabla hujanunua bodi mpya, la sivyo nayo itakwenda njia hiyohiyo.

Kama hakuna kati ya hayo, gawanya mzigo. Umeme ukiwa umezimwa, chomoa waya wa seli, kisha washa. Ikinyamaza, ugonjwa uko upande wa seli. Ikiruka bado, zima, ondoa mashine yote, acha pampu peke yake. Ikiendelea kuruka, mashine imesingiziwa. Chunguza mota ya pampu na kebo yake iliyofukiwa.

Breka ikiruka kwa kishindo, au fyuzi ikikatika kila ukibadilisha, tazama mpangilio wa volti ya kuingia. Boksi nyingi zina vipande vya waya au swichi ya kuchagua kati ya volti 120 na 240. Iliyopangwa 120 ikapewa 230 huunguza kidude chenye umbo la sarafu kilichowekwa kuikinga bodi na umeme wa ghafla. Utakikuta kimepasuka, kimeacha masizi ukutani mwa boksi. Kinyume chake, iliyopangwa 240 ikapewa 120 haiungui, bali inakuwa dhaifu: taa hafifu, uzalishaji hautoshi, na mtu huhangaika miezi akiongeza chumvi.

Pampu inazunguka, boksi halina taa hata moja

Fuata umeme hatua kwa hatua, kutoka unakoingia. Je, upo kwenye ncha za mzigo za taima? Upo kwenye ncha za boksi? Unaingia kwenye transfoma? Unatoka? Pale unapopotea ndipo pa kutengeneza. Fyuzi itolewe na ipimwe kwa mita. Kwa macho hudanganya. Umeme ukiingia kwenye transfoma na usitoke, transfoma imekufa. Ukitoka na bodi isiamke, kwenye baadhi ya bodi kuna kidude cheusi cha duara kinachopunguza msukumo wa umeme wa kuwashia. Hupata joto kila siku na mwisho hutengana na solda yake. Kikiguswa kidogo kinacheza kama jino bovu. Fundi wa elektroniki anaweza kukibadilisha bila kununua bodi nzima.

Taa ya mtiririko inawaka au kupepesa

Subiri dakika moja au mbili kwanza. Mashine nyingi hungoja makusudi baada ya pampu kuanza, kisha ndipo zinaanza kazi.

Baada ya hapo, tazama maji kabla ya waya: kikapu cha pampu kilichojaa majani, kichujio kichafu, valvu iliyofungwa nusu, pampu ya kasi inayobadilika iliyowekwa chini mno. Kisha swichi yenyewe. Mshale wake uelekee maji yanakokwenda, na kabla yake kuwe na bomba lililonyooka, kama sentimita 30, lisilo na kona, ili maji yafike yakiwa yametulia. Mwisho, waya wake mwembamba, ambao panya na fyekeo la nyasi huukata kwa urahisi.

Kuipima, chomoa plagi yake kwenye boksi na upime ncha mbili kwa mita: pampu ikizunguka ziwe zimeshikana, pampu ikisimama ziwe zimeachana. Isiyoshikana kamwe ni usumbufu. Isiyoachana kamwe ni hatari, nayo haiwashi taa yoyote, kwa hiyo ipime hata kama mashine haina tatizo. Na ukikuta mtu ameunganisha ncha hizo kwa kipande cha waya ili taa izime, kitoe siku hiyohiyo na uzime mashine mpaka swichi mpya ipatikane.

Mashine inawaka, seli haipati umeme wa kutosha

Shika plagi ya seli baada ya saa moja ya kazi, kwa nje, umeme ukiwa umezimwa. Ikiwa ya moto kuliko waya wake, ichomoe. Utakuta pini moja imekuwa ya kahawia, plastiki kuizunguka imelainika na kuinama. Volti za seli ni ndogo, lakini ampea zake hufika kadhaa, na katika baadhi ya mashine hupita kumi. Mahali palipolegea au penye kutu joto hupanda. Kusugua pini kwa msasa hununua wiki chache tu. Badilisha plagi pande zote mbili, la sivyo ile mbovu itaiambukiza mpya. Usirefushe kebo ya seli kwa waya mwembamba uliosokotwa na kufungwa utepe.

Mita ikionyesha volti kamili na ampea sifuri, njia imekatika: plagi, kebo, au sahani zilizokwisha mipako. Volti zikiporomoka huku ampea ziko juu, kuna kitu kimezigusanisha sahani, au chumvi imezidi. Usishtuke ukiona alama ya kutoa mbele ya namba. Mashine hugeuza mwelekeo wa umeme kila baada ya saa kadhaa ili chokaa iachie.

Chokaa isiyoachia yenyewe huoshwa seli ikiwa imetolewa kwenye bomba, kwa asidi iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu nne au tano. Mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Usikwangue kwa chuma. Utabandua mipako yenyewe.

Kioo kinasema chumvi ni kidogo

Mara nyingi si chumvi. Mashine haioni chumvi, inaona umeme unavyopita majini, na maji ya baridi, sahani zenye chokaa au seli iliyozeeka huupunguza vilevile. Chini ya nyuzi 15 hivi mashine nyingi hupunguza kazi au hujizima. Pima maji kwa kipimo kingine kabla ya kufungua mfuko. Mashine nyingi hutaka karibu miligramu 3,000 kwa lita, bahari ikiwa na takriban 35,000. Ikithibitika imepungua, hesabu: kupandisha miligramu 500 kwenye bwawa la lita 50,000 ni kilo 25. Imwage huku mashine imezimwa na pampu ikizunguka, sukuma ile iliyolala chini kwa ufagio mpaka iyeyuke, na usiwashe mashine mpaka saa 24 zipite.